Kukatwa Mfupa Si Kukatwa Mguu

Katika vijiji vyetu vya kando ya ziwa, tangu mlango wa Ruzizi mpaka Makobola na Mboko, liko neno moja linalowafukuza wagonjwa mlangoni mwa hospitali. Neno hilo ni "kukata". Mganga akimwambia mtu mwenye goti bovu kwamba itafaa kukata mfupa ili kuunyosha, yule mtu hasikii tena maneno yanayofuata. Amekwisha kusikia "kukata", na moyoni mwake anauona mguu wake umetupwa shimoni, naye ameketi mkekani siku zake zote. Huaga kwa heshima, hurudi nyumbani, wala haonekani tena.

Hatutaki kumcheka mtu huyo. Woga wake una asili yake, na asili hiyo ni ya kweli. Ulikuwako wakati ambapo mwenye busara alipaswa kukiogopa kisu cha mganga kuliko ugonjwa wenyewe. Lakini wakati huo ulikwisha, tena ulikwisha kwa sababu zinazojulikana, katika miaka inayojulikana. Ndizo habari tunazotaka kuzisimulia: jinsi watu walivyojifunza kuukata mfupa wa muundi, yaani ule mfupa mkubwa ulio chini ya goti, ili kuliponya goti lenyewe.

Goti na mzigo wake

Kwanza tulitazame goti. Mfupa wa paja hushuka toka nyonga ukakaa juu ya mfupa wa muundi. Ncha za mifupa hiyo miwili zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye utelezi, kinachozuia mfupa usisage mfupa. Gegedu haina mishipa ya damu. Kwa hiyo ikilika, haioti upya kama ngozi inavyoota juu ya kidonda. Ikiisha, mifupa husagana, goti huvimba, huuma, na asubuhi hukakamaa. Wengi husema, "Ni baridi yabisi," wakitia magonjwa yote ya viungo katika kikapu kimoja. Sisi tunasema habari za ugonjwa mmoja tu, ule wa goti lililolika.

Mtu akitembea, goti lake halibebi uzito wa mwili peke yake. Kwa kila hatua misuli huvuta kwa nguvu, na goti hubeba mara 2 hata 3 ya uzito wa mtu. Mwenye kilo 60 hulitwika goti lake kilo 120 mpaka 180 kwa kila hatua. Na mama anayeshuka milimani kwenda soko la Uvira, na kilo 30 za muhogo mgongoni, huanzia kilo 180. Nchi hizi zimejua mizigo tangu zamani. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 walibeba frasila 2 hivi kila mmoja, yaani kilo 30 na zaidi kidogo, siku baada ya siku, kutoka Pwani ya Bahari hata Ujiji.

Basi mzigo huo unapita wapi? Katika mguu ulionyooka, ukivuta uzi toka nyonga mpaka kifundo cha mguu, uzi hupita karibu na katikati ya goti. Hapo upande wa ndani na upande wa nje hugawana kazi, ingawa upande wa ndani hubeba zaidi kidogo. Lakini mwenye matege, uzi ule hupita upande wa ndani. Upande huo hutwikwa karibu kila kitu, na ule wa nje hukaa bure. Gegedu ya ndani hulika. Ikilika, mguu huzidi kupinda. Ukizidi kupinda, gegedu huzidi kulika. Ubovu huzaa ubovu.

Sisi watu wa Uvira tunao mfano karibu nasi. Mwaka 1858 wasafiri wawili Waingereza, Burton na Speke, walifika hapa Uvira wakitumaini sana kwamba Ruzizi hutoka katika ziwa na kwenda kuwa mto Nile. Wenyeji wakawaambia kwamba mto huo huingia ziwani, hautoki. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley wakaja kwa mtumbwi hata mlangoni mwake, wakaona kwa macho yao kwamba wenyeji walisema kweli. Maji hayasikilizi matumaini ya mtu, hufuata mteremko. Uzito wa mwili nao hufuata njia yake. Vidonge vya maumivu, kuchua mafuta, kufunga kitambaa, vyote hivyo vyaweza kumpunguzia mtu uchungu, wala hatuvidharau. Lakini haviugeuzi mteremko. Ili uzito upite kwingine, ni lazima mfupa wenyewe unyoshwe.

Wakati kisu kilipokuwa kinaua

Shauri la kunyosha viungo ni la zamani. Mwaka 1741 mganga mmoja wa Paris, Nicolas Andry, alitoa kitabu juu ya watoto wenye viungo vilivyopinda. Ndani yake alichora mti uliopinda, umefungwa kwa kamba kwenye nguzo iliyonyooka. Mpaka leo waganga wa mifupa hutumia picha hiyo kama alama yao. Lakini kamba humfaa mtoto ambaye mifupa yake ingali laini. Mfupa wa mtu mzima haufuati kamba.

Mwaka 1826 mganga John Rhea Barton, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, alithubutu jambo jipya. Baharia mmoja alikuwa na nyonga iliyokakamaa kabisa, na paja lake limekunjamana vibaya. Barton aliukata mfupa wa paja kwa msumeno na kuurudisha mahali pake, akafanya yote kwa dakika 7 hivi. Kwa nini haraka hiyo? Kwa sababu yule baharia alikuwa macho. Dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi wakati wa kupasuliwa ilionyeshwa mbele ya watu huko Boston mwaka 1846 tu, miaka 20 baadaye.

Tena uchungu haukuwa adui mkubwa kuliko wote. Adui mkubwa alikuwa kuoza kwa kidonda. Kila fundi wa mifupa alijua, huku kwetu kama kule Ulaya, kwamba mfupa uliovunjika ndani, ngozi ikiwa nzima, huunga wenyewe ukifungwa vizuri kwa vijiti. Lakini mfupa ukitoboa ngozi, mara nyingi homa huja, usaha huja, na kifo hufuata. Ndiyo maana waganga wa zamani walikuwa wakiukata mguu wote mara moja, na hata hivyo wengi wa waliokatwa walikufa. Katika hali hiyo, mganga aliyekusudia kuipasua ngozi nzima na kuuvunja mfupa mzima, kwa ajili ya matege tu, angalikuwa mtu wa kukimbiwa. Waliomkimbia walikuwa na haki.

Mtoto wa Glasgow na patasi ya Macewen

Mambo yaligeuka katika mji wa Glasgow, huko Scotland, tena yaligeuka kwa ajili ya mfupa huu huu wa muundi. Mwezi wa Agosti 1865 mtoto mwanamume wa miaka 11 aliletwa hospitalini. Gari la farasi lilikuwa limempita juu ya mguu, na muundi ulikuwa umevunjika na kutoboa ngozi. Mganga Joseph Lister alikuwa amesoma kazi ya Pasteur, yule mwanachuoni Mfaransa aliyeonyesha kwamba kuoza huletwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Lister aliwaza hivi: Kama kuoza huletwa na vijidudu, heri kuviua kabla havijaingia. Akaosha kidonda na kukifunika kwa kitambaa kilicholoweshwa asidi ya kaboliki. Siku zikapita, usaha haukuja. Baada ya majuma 6 mfupa ulikuwa umeunga. Mwaka 1867 Lister aliwatangazia waganga wenzake habari hizi na za wagonjwa wengine.

Kati ya waliojifunza katika mji huo wakati wa Lister alikuwa kijana William Macewen. Glasgow ya siku zile ilijaa viwanda na moshi. Jua lilikuwa haba, na chakula cha maskini kilikuwa haba vilevile. Mifupa ya watoto wao ilikuwa laini na kupinda, wengine wakiwa na matege, wengine magoti yakigongana. Macewen aliona kwamba mahali penye usafi wa namna ya Lister, mfupa waweza kukatwa bila kuoza. Kuanzia miaka ya 1870 aliwanyosha wengi kwa kuwakata mfupa wa paja juu kidogo ya goti. Hakutumia msumeno, kwa kuwa msumeno huacha unga mwingi wa mfupa kidondani. Alitumia patasi kama ya seremala, aliyoifanyiza kwa kazi hiyo, na nyundo. Mwaka 1880 alitoa kitabu juu ya kazi hiyo.

Mafundi wetu wa mitumbwi wataelewa upesi. Ubao uliopinda hautupwi. Hukatwa kidogo mahali panapofaa, hugeuzwa, hushikizwa, na mtumbwi huelea. Tofauti ni hii tu, kwamba ubao uliokatwa hubaki umekatwa, lakini mfupa uliokatwa huota na kuwa mfupa mmoja tena. Kazi ya mganga ni kuukata vizuri na kuushika usicheze. Kuunga ni kazi ya mwili wenyewe.

Toka mtoto mpaka mtu mzima

Hata hapo, kazi ilikuwa hasa kwa watoto na vijana waliopinda. Ilibaki hatua nyingine: kumnyosha mtu mzima ambaye shida yake si umbo la mguu, ila maumivu ya goti lililolika upande mmoja. Katika hatua hiyo picha za eksirei zilisaidia sana. Röntgen, Mjerumani, aliivumbua miali hiyo mwaka 1895, na tangu hapo mganga aliweza kuuona mfupa bila kuupasua, na kupima ni kiasi gani umepinda.

Mwaka 1958 mganga Mwingereza J. P. Jackson alieleza faida ya kukata mfupa kwa ajili ya goti lililolika. Mwaka 1961, pamoja na mwenzake W. Waugh, alitoa habari kamili za kuukata muundi kwa kusudi hilo. Mwaka 1965 Mark Coventry, wa hospitali ya Mayo huko Marekani, alieleza njia yake ya kukata juu kabisa ya muundi, karibu na goti, na kuushika mfupa kwa vyuma vidogo kama pini kubwa. Kisha njia hiyo ikaenea katika dunia nzima.

Kazi yenyewe hufanyika kwa namna mbili. Namna ya kwanza: mganga huondoa kipande cha mfupa chenye umbo la kabari upande wa nje, kisha huufunga mwanya, na mguu hunyoka. Kwa namna hiyo hulazimika pia kuukata au kuulegeza ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Namna ya pili: hukata upande wa ndani bila kuumaliza mfupa, huufungua mwanya polepole, kisha huushika kwa bamba la chuma na skurubu. Pengine huujaza mwanya kwa mfupa uliotolewa nyongani mwa mgonjwa mwenyewe. Zamani mguu ulifungwa plasta kwa majuma mengi. Siku hizi, palipo na bamba imara, mgonjwa huanza kulikunja goti mapema, ingawa hutembea kwa magongo mpaka mfupa uunge.

Je, uzi wa uzito upitishwe wapi? Si katikati kabisa. Mwaka 1979 Mjapani Fujisawa na wenzake walionyesha kwamba inafaa upite upande wa nje kidogo wa katikati, ili upande wa ndani uliochoka upate kupumzika. Ukinyoshwa pungufu, maumivu hurudi. Ukinyoshwa kupita kiasi, upande wa nje huharibika badala yake. Ndiyo maana mganga asiyepima kwa picha ya mguu wote toka nyonga hata kifundo hufanya kazi gizani.

Na matokeo? Coventry na wenzake waliwafuata wagonjwa wao miaka mingi, na mwaka 1993 walisema hivi: baada ya miaka 5, magoti 87 katika 100 yalikuwa bado yanafaa bila kubadilishwa; baada ya miaka 10, yalikuwa 66 katika 100. Basi si dawa ya milele. Ni kumpa mtu miaka ya kazi.

Habari za Afrika yetu

Msomaji aweza kusema, "Hayo ni ya Glasgow na Marekani, sisi yatufikiaje?" Tujibu kwa watu waliofanya kazi karibu nasi.

Wa kwanza ni Adriano Atiman. Alizaliwa katika nchi za mto Niger, akaibwa utotoni na kuuzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya ziwa letu hili, akafanya kazi ya ukatekista na ya uganga mpaka alipofariki mwaka 1956. Hatumtaji kwa sababu ya kunyosha matege. Tunamtaja kwa sababu ukumbusho wake unajibu lile neno "kukata". Kwa miaka 67 watu wa kando ya ziwa walimwendea mtu mweusi kama wao, aliyekaa kati yao na kuzeeka kati yao, wakamkabidhi miili yao. Imani kwa mganga hujengwa hivyo, kwa kukaa.

Wa pili ni Ronald Huckstep, mpasuaji aliyefanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, tangu mwaka 1960. Huko aliwakuta watoto na vijana wengi walioharibiwa viungo na polio, wengine wakitambaa chini kwa mikono. Aliwanyosha viungo, akawatengenezea vyuma na viatu vya bei ndogo, vitu ambavyo mafundi wa huku waliweza kuvifanyiza wenyewe. Mwaka 1975 alitoa kitabu cha kuwafundisha waganga wa nchi maskini kazi hiyo.

Katika Kongo yetu, Bukavu wanakijua kituo cha Heri Kwetu kwa kazi yake ya kuwasaidia walemavu. Goma, mpasuaji wa mifupa Mkongo, Jo Lusi, pamoja na mkewe Lyn, walianzisha kazi iliyokuja kuwa hospitali ya HEAL Africa. Mwezi wa Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mjini na kuiharibu hospitali hiyo, nao wakaijenga tena. Basi patasi ya Macewen imekwisha kufika Kivu, na mikono inayoishika ni ya wana wa nchi.

Tena matege ya huku yana sababu zake. Wengine wana ugonjwa ulioelezwa na Mmarekani Blount mwaka 1937, ambao huipinda sehemu ya juu ya muundi wa mtoto, nao huonekana zaidi kwa watoto wa asili ya Afrika. Wengine walikosa chakula chenye chokaa cha kujenga mifupa. Wengine walivunjika, mfupa ukaunga vibaya. Na kando ya mlima Meru, huko Tanzania, mahali kama Maji ya Chai, maji ya kunywa yana floridi nyingi mno, ambayo huyageuza meno rangi na kuipinda mifupa ya watoto. Hakuna hata sababu moja kati ya hizi iliyo uchawi, wala laana ya ukoo.

Si kila goti

Tusiwadanganye wasomaji. Dawa hii si ya kila goti. Humfaa zaidi mtu asiye mzee sana, mara nyingi chini ya miaka 60, ambaye goti limelika upande mmoja tu, na ambaye bado analikunja na kulinyosha vizuri. Goti lililoharibika pande zote halitapona hivyo. Wala lile lenye ugonjwa wa viungo unaoshika mwili mzima. Kwa mzee aliyechoka goti lote, tangu miaka ya 1970 liko goti la kutengenezwa kwa chuma na plastiki. Goti hilo huondoa maumivu vizuri, lakini bei yake ni kubwa, nalo huchakaa likitumikishwa kwa jembe na mizigo. Ndipo tunapoona thamani ya kunyosha mfupa kwa mvuvi wa miaka 45, au kwa mama mkulima: hubaki na goti lake mwenyewe.

Hatari nazo ziko. Kidonda chaweza kuingia vijidudu. Mshipa wa fahamu upitao nje ya goti waweza kuumia, na mguu ukalegea mbele. Damu yaweza kuganda katika mishipa. Mfupa waweza kukawia kuunga, hasa kwa mvuta tumbako. Na liko shauri zito kuliko yote nyumbani: miezi 3 au zaidi mgonjwa hatabeba mzigo. Nani atalima? Nani atashuka sokoni? Neno hili si la mgonjwa peke yake. Baba, mama, mashemeji na watoto wakubwa waketi walizungumze kabla ya kumpeleka, ili mgonjwa asiuache mguu wake ukinyongea kwa kurudi shambani kabla ya siku zake.

Kwa hiyo, anayeambiwa na mganga kwamba mfupa wake ukatwe, asikimbie, wala asikubali kama kipofu. Aulize: Goti langu limelika upande gani? Je, mtapiga picha ya mguu wote? Mtaushika mfupa kwa nini, na chuma kitaondolewa lini? Nitakaa siku ngapi kwa magongo? Mmekwisha kuwafanyia wangapi, nami naweza kuonana na mmoja wao? Mganga mwema hataona haya kujibu.

Mwisho, neno kwa wazazi. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mtoto mdogo anayeanza kutembea huwa na matege kidogo, na kwa kawaida miguu hunyoka yenyewe. Lakini akipita miaka 2, na matege yakazidi badala ya kupungua, au mguu mmoja ukapinda kuliko mwenzake, asifungwe hirizi wala asifichwe nyumbani. Apelekwe hospitalini mwaka huo huo. Mfupa wa mtoto hunyoshwa kwa urahisi zaidi, na goti lake litakuwa halijaanza kulika.